Kiunzi Kilichojikunja

Kanoni, Jumamosi

Hata likizoni maabara hainiachi. Asubuhi Datius, mwenzangu wa utafiti, alinitumia picha: kiunzi chetu, kile kipande chembamba cha nyuzi tunachopandia seli za mfupa, kimejikunja pembe kama jani kavu. Kazi ya miezi mitatu! Nikamwandikia kwa hasira akitupe, maana nilijua amekiacha kikakauka.

Mama alikuwa barazani anasuka mkeka wa ukindu. Akaomba simu aone kilichoninunisha.

"Hiki hakijakauka," akasema. "Kimevutwa. Mkeka ukinyanyua pembe, ujue msukaji amekaza mno upande mmoja. Nani anavuta?"

"Hakuna mtu, mama. Ni seli tu."

"Basi ndizo."

Nikampigia Datius haraka. Bahati nzuri alikuwa hajakitupa. Akakiweka chini ya hadubini nikiwa bado kwenye simu.

"Ziko hai," akasema. "Zote zimejinyoosha, zimeng'ang'ania nyuzi."

Nimemwomba Datius radhi. Bado nina hofu: kama zinakunja kiunzi ndani ya kisahani cha maabara, kwenye goti la mgonjwa tunakokusudia kukipandikiza itakuwaje? Itabidi tutengeneze nyuzi ngumu zaidi, au...

Lakini siachi kuitazama ile picha. Vitu nisivyoweza kuviona kwa macho vimekunja kazi ya mikono yangu.

Wakati wa chai mama aliniuliza kama seli hizo zina mikono. Nikacheka. Kisha nikautazama mkono wangu ulioshika kikombe, nikakumbuka umeundwa na nini.