Mama Hana Mbunge

Jumanne, Nyabiondo. Ukungu haujaondoka mlimani tangu asubuhi.

Leo nimefundisha somo la uraia: mamlaka ya kutunga sheria. Nilieleza vizuri, sina budi kujisifu kidogo. Bunge hutunga sheria, huisimamia serikali, na kila mbunge ni sauti ya watu waliomtuma. Wanafunzi walinakili. Mimi nilikuwa nawaza shamba la Mama.

Shamba lile la maharagi tulipewa na mwami, chifu wetu, kwa desturi. Marehemu Baba alimpelekea mbuzi na kasiksi, ile pombe ya ndizi. Mwami akanywa, majirani wakashuhudia, tukaoneshwa mpaka. Hakuna aliyeomba karatasi. Utamwombaje karatasi mtu aliyekunywa pombe yako? Lingekuwa tusi.

Sasa mwami yule amefariki, na amekuja bwana mmoja kutoka mjini na hati yenye mihuri. Anasema kilima chote ni chake. Kesho baraza la kijiji litakaa kutusikiliza.

Nimepekua kitabu ninachofundishia. Kinasema sheria inayatambua mashamba ya kimila, ila utaratibu wake utawekwa baadaye. Hiyo baadaye imenizidi umri.

Jioni Mama aliniuliza, huku akichambua maharagi, “Ule muntu wetu wa ku Bunge njo nani?”

“Hatuna, Mama. Vita vilizuia uchaguzi huku kwetu.”

Akacheka kidogo. “Basi kesho utasema weye. Weye njo unajuaka maneno ya Leta.”

Leta ndiyo serikali, kwa Mama. Na kwake mimi, kwa kuwa nashika chaki, ni mtoto wa Leta.

Naogopa. Siandiki hili ili nihurumiwe, naogopa kweli.

Mbunge ana kinga, hakamatwi kwa neno alilolisema bungeni. Hilo nalo nililifundisha leo, tena kwa madaha. Mimi nikisema hapana kesho, nitarudi kulala hapa hapa kijijini, na bwana yule hakuja peke yake. Amekuja na vijana wenye bunduki.

Nimejaribu kutafuta udhuru. Homa? Mtihani wa kusahihisha? Mama angeniamini, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Kesho nitasimama. Sauti ikitetemeka, na itetemeke. Mama hana mbunge mwingine.