Hata Nikipita

Alief, Houston
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Kariuki,

Hujambo huko Haltom City? Wifi yangu Chepngetich hajambo? Na Sheldon, bado anarefuka au ameshawahurumia na bei ya viatu? Sisi huku tu wazima. Miguu yangu inalalamika kwa sababu ya zamu za wodini, lakini hiyo si habari tena, ni mazoea. Nakuandikia kama ulivyoagiza, barua pepe yenye salamu na mwisho, maana umesema kwenye simu nakukatiza kila sentensi. Haya, leo na wewe huwezi kunikatiza.

Kaka, nyumbani kwangu kuna mtahiniwa.

Gakii amekuja na habari kutoka shule: mwezi wa nne darasa la tano lote linafanya mtihani wa jimbo, huu wanaouita STAAR. Kusoma, hesabu na sayansi. Nilikuwa nakaanga vitunguu, nikazima jiko ili nisikie vizuri. Wewe unajua nilivyomngoja mtoto huyu. Nilimwacha Kenya, kwa mama kule Nkubu, akiwa na miaka mitatu, nikamlea kwa simu miaka minane, na tangu aje Agosti bado ananiita "Mum" kwa sauti ya mtu anayemwita mwalimu. Meno yake ya utoto yaling'oka nikiwa sipo. Siku yake ya kwanza shuleni sikuwapo. Mtihani huu nipo, na ukiniuliza mimi, tunaufanya wawili.

Nimeshaanza kazi. Nimeagiza success card kutoka Nairobi, zile za kumtakia mtahiniwa heri, zinazolia muziki ukizifungua, zikifika nitawagawia akina mama wa kanisa wamwandikie. Nimeongea na mchungaji, na Jumamosi ya mwisho ya Machi tutakuwa na maombi ya watahiniwa hapa Alief, kalamu na rula zote mezani kama nyumbani. Matokeo yakitoka, Kariuki, mtoto huyu atabebwa juu kwa juu kuzunguka apartment zote hizi, kama ulivyobebwa wewe sokoni Nkubu ulipofaulu. Mgongo wa kumbeba ni wako, kwa hiyo anza mazoezi.

Yeye mwenyewe ametulia mno. Nilijaribu kumchangamsha, nikamwambia, "Ukifeli tu, nakurudisha kwa nyanya ukachunge mbuzi." Akanitazama, akauliza, "Kweli, Mum?" Nikamwambia kweli kabisa, tena bila kusindikizwa. Akaenda kukaa na vitabu vyake bila kusukumwa. Wazazi wetu walijua walichokuwa wakifanya.

Wasalimie wote.

Dadako,
Lydiah


Haltom City
Jumamosi, 8 Machi 2025

Kwa dada yangu Lydiah, mama mtahiniwa,

Sisi hatujambo, tunashukuru. Chepngetich anakusalimu na anauliza kama kwenye maombi hayo kutakuwa na pilau au ni kufunga. Sheldon amenipita urefu wiki hii na nyumba nzima imetangaziwa.

Dada, nimecheka mpaka mwenzangu wa maabara akaniuliza kama niko sawa. Mtihani huo unafanywa kwenye kompyuta. Kalamu hazihitajiki. Mchungaji ataweka mikono juu ya nini, laptopu? Na nikueleze jambo jingine kabla hujachinja: huku mtihani huu hauchagui shule ya sekondari. Hakuna shule ya kitaifa, hakuna kuitwa redioni. Sheldon aliufanya darasa la tatu nami nikamnunulia suti ya matokeo. Matokeo yakaja kwenye mtandao wa shule katikati ya likizo, yeye akiwa kwenye bwawa la kuogelea na kaptura. Suti aliivalia harusi ya watu.

Nimekwambia ili ujue tu, si kwamba nakuzuia. Hivi ninavyoandika nimeshamtumia Gakii kadi yangu, na mwili umenisisimka kama siku ile ya Nkubu waliponinyanyua na viatu vikabaki chini. Furaha ile sijaipata tena, hata siku ya kuapishwa uraia. Mtoto wetu anastahili. Machi niko zamu, siwezi kuja kwenye maombi, lakini siku ya kubeba nitafika hata kwa kutambaa.

Sheldon humsaidia mazoezi kwenye video kila Jumatano. Anasema hesabu za Gakii ni moto. "Dad, she's faster than me, and I'm in sixth grade." Ila alimuuliza swali la ajabu: mtu akitaka kupata alama ya chini kabisa, ni ngapi? Nadhani ana woga. Mpunguzie kidogo habari za mbuzi.

Kakako,
Kariuki


Alief, Houston
Ijumaa, 4 Aprili 2025

Kwa kaka yangu Kariuki,

Natumaini nyote mko salama na zamu zimepungua. Mimi afya ninayo. Amani ndiyo sina, lakini acha nianze na mazuri maana yalikuwa mazuri kweli.

Maombi yalijaa. Walikuja Wakenya, Watanzania, na jirani yangu Annonciata wa Bukavu akaja na watoto wake na sufuria ya sombe, kisamvu chao cha Kongo, akasema kwao hawajawahi kuombea mtihani wa darasa la tano lakini "mambo ya Mungu haina mupaka, chérie". Watoto waliweka laptopu za shule mezani, moja ikaanza kupiga wimbo wa katuni mchungaji akiwa katikati ya amina. Hakuna aliyekasirika. Kadi nimezitundika kwenye kamba kutoka dirishani hadi kwenye friji, na ukipita ukaigusa moja, zinaanza kuimba. Sebule yangu imekuwa harusi. Gakii alisimama katikati na gauni la bluu, akawashukuru wageni kwa adabu mpaka akina mama wakafuta macho.

Jumatano mwalimu wake, Miss Jordan, akanipigia nikiwa kazini. Walikuwa wamefanya mtihani wa majaribio. Gakii amekosa kila swali, Kariuki. Kila moja. Nikasema labda kompyuta imeharibika. Mwalimu akaniambia taratibu kwamba mtoto asiyejua kitu akibahatisha, angalau machache hupata. Ili ukose yote ni lazima uyajue majibu ili uyaruke. "She did it on purpose, Mom. Is everything okay at home?"

Niliona aibu, kisha nikakasirika, kisha nikaogopa. Nilimkalisha chini, nikamuuliza anataka kuniaibisha mbele ya watu waliomwandikia kadi? Akasema, "Nilijaribu, Mum." Basi. Hakulia, hakubisha. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mtihani wenyewe unaanza siku chache zijazo. Mimi naona kama nimemleta mtoto wa watu. Na wewe anacheka, anakuambia mambo. Tafadhali ongea naye, mimi mlango siuoni.

Dadako,
Lydiah


Haltom City
Jumapili, 6 Aprili 2025

Lydiah, dada yangu,

Habari za leo. Sisi wazima. Salamu zangu ni fupi kwa sababu kiti hakikaliki.

Nimeongea naye jana ulipokuwa kazini, kwenye video, Sheldon akiwa pembeni anajifanya hasikii. Nilimuuliza moja kwa moja kwa nini ameruka majibu. Akasogeza simu chini ya kitanda akanionyesha. Lipo begi lake, lile jekundu alilokuja nalo. Limefungwa. Ndani kuna nguo zake zote za Kenya zimekunjwa, na sabuni mbili za kumpelekea nyanya zawadi.

Akaniambia, "Mjomba, Mum alisema nikifeli nitarudi kwa nyanya. Nikamuuliza kama ni kweli, akasema ni kweli kabisa."

Nilicheka, Lydiah, sikuweza kujizuia. Halafu nikazima video kidogo, Gakii asinione machozi. Sisi tulitishwa mbuzi tukakimbilia vitabu kwa sababu mbuzi walikuwa pale pale nyumbani na hatukuwataka. Huyu mbuzi anawapenda. Anawajua kwa majina. Wewe ulidhani unamtishia adhabu, kumbe ulimwahidi zawadi. Kila kadi uliyotundika kwake ni mtu mwingine anayemwombea asirudi.

Usimgombeze, nakuomba. Wala usiniandikie kwanza. Ongea na mtoto. Na usimwambie uongo mwingine wa kumfurahisha, maana huyu anachukua neno lako lote jinsi lilivyo.

Kakako anayekupenda,
Kariuki


Alief, Houston
Jumamosi, 19 Aprili 2025

Kwa kaka yangu Kariuki,

Pokea salamu za upendo, wewe na wa nyumbani kwako. Sisi ni wazima, na leo nasema wazima kwa maana yake.

Najua ulikuwa unakodolea simu macho. Ulisema nisiandike, nami kwa mara ya kwanza nimekusikia.

Barua yako niliisoma kwenye maegesho ya hospitali na nikalia mpaka shati la kazi likalowa. Siku iliyofuata nilimchukua Gakii shuleni mwenyewe, tukaenda kununua unga wa ugali. Sikushuka. Nilizima gari mbele ya duka pale Bellaire nikamwambia yote bila kuzunguka. Kwamba maneno ya mbuzi yalikuwa mzaha na nilikosea kumwambia ni kweli. Kwamba mtihani huu haumpeleki mtoto mahali popote. Kwamba atakaa na mimi, akipata sifuri au akipata yote, kwa sababu nilimngoja miaka minane na sijachoka kumtazama.

Alikuwa anatazama dashibodi. Nikamuuliza, "Unataka kurudi kukaa kule?"

Akajibu, "Nataka kumwona nyanya. Siku naondoka aliniambia nitarudi. Hakuna mtu aliyeniambia lini."

Kariuki, ni kweli. Makaratasi yangu ya kusafiri ninayo tangu mwaka jana. Nilikuwa nangoja zamu zipungue, nangoja bei ishuke, nangoja tu. Mtoto akahesabu kungoja kwangu kuwa ni hapana. Nikamwambia, "Shule ikifungwa, mwezi wa sita tunakwenda Nkubu, mimi na wewe. Mwezi mzima."

Hapo ndipo aligeuka akanitazama. Akauliza, "Hata nikipita?"

"Hata ukipita."

"Hata nikipita sana?"

Nikamvuta tukakumbatiana juu ya breki ya mkono, na mwenye duka akatoka nje kuangalia kama tuna shida. Kaka, mtoto alikuwa anadhani akifaulu ndiyo mwisho wa kumwona bibi yake. Alikuwa anachagua kati yetu kwa kubonyeza majibu.

Mtihani wa kusoma ameufanya wiki hii. Miss Jordan ananiambia wenzake walimaliza wakaenda kula, yeye bado amekaa na headphone, anarudia swali moja moja. Alitoka mwisho. Nilipomuuliza vipi, akasema, "Ile habari ya popo ilikuwa tamu, Mum. Ulijua popo wanasikia ukuta?" Akanisimulia popo njia nzima mpaka nyumbani, hata tulipofika akakataa kushuka kwenye gari kabla hajamaliza. Mimi sikuuliza alama. Nilitamani njia iwe ndefu.

Hesabu na sayansi ni siku zijazo. Begi bado liko chini ya kitanda na sijaligusa.

Dadako,
Lydiah


Haltom City
Jumapili, 20 Aprili 2025

Kwa dada Lydiah,

Sisi wazima, Pasaka njema. Nimesoma barua yako kwa sauti mezani. Chepngetich aliondoka kwenda kuangalia jiko ambalo lilikuwa limezimwa, na Sheldon akasema, "Okay, but bats are actually cool."

Mimi sina cha kuongeza. Nimeanza mazoezi ya mgongo.

Kakako,
Kariuki


Alief, Houston
Jumatano, 18 Juni 2025

Kwa kaka yangu Kariuki, kwa wifi yangu, na kwa Sheldon mwalimu wa Jumatano,

Salamu kwenu nyote. Mko wazima? Mkiwa na homa mezeni dawa leo, kwa sababu Jumamosi mnahitajika huku.

Matokeo yametoka. Hesabu, ngazi ya juu kabisa. Sayansi, ngazi ya juu kabisa. Kusoma, amepita vizuri, na anasema ni kwa sababu swali la mwisho halikuwa la popo. Nilikuwa wodini nilipofungua, nikapiga kigelegele, na mgonjwa wangu mzee wa Kimeksiko akapiga makofi bila kujua ni ya nini. Najua ulichosema, kwamba mtihani huu hauamui chochote. Sawa. Atabebwa hivyo hivyo. Nimeshamwarifu meneja wa apartment kwamba kutakuwa na kelele. Annonciata ameahidi ngoma. Mama kule Nkubu anataka awekwe kwenye video tangu mwanzo, na ameonya kwamba ukimwangusha mjukuu wake usiende Kenya tena.

Gakii ana sharti moja: anasema na mimi nibebwe, kwa sababu mtihani tuliufanya wawili. Sijui nilimwambia saa ngapi maneno hayo. Pole kwa mgongo.

Sasa sikiliza hili la mwisho. Tiketi nimezikata, tunaondoka Jumatatu. Jana jioni nilimkuta amelitoa begi jekundu chini ya kitanda na kulimwaga lote. Nguo zake za Kenya karibu zote zimekuwa fupi, tulizijaribu moja moja tukicheka, hata sweta ya shule ya Nkubu inamfika kitovuni. Akazikunja upya ziwe za binamu yake mdogo, akaacha nafasi nusu, akaniambia, "Hii ni ya nguo zako, Mum." Kariuki, ile sauti ya kumwita mwalimu haikuwapo.

Kisha akaomba aone tiketi. Nikampa simu, nikidhani anatafuta siku ya kufika. Aliipita. Kidole kilishuka mpaka chini, kwenye safari ya kurudi Houston, kikasimama kwenye jina lake. Akalisoma lote kwa sauti, Gakii na la baba na la ukoo, kisha akatafuta langu, akalisoma na lenyewe.

"Tumekaa viti vya kando kwa kando," akasema, akanirudishia simu, akaenda kumpigia nyanya.

Dadako,
Lydiah, mama Gakii