Sayari Haikutoka kwenye Safari

Elisante, rafiki yangu,

Ulinichosha ulipokuwa hai, na sasa unanichosha ukiwa umelala kwenye migomba yako hapo Usa River.

Jumamosi mkeo alinipigia simu. "Shemeji, wewe ni mwalimu wa Kiswahili. Njoo unikagulie maneno ya kaburi kabla fundi hajachonga." Nikaja. Watoto wako walikuwa wameandika: Sayari ni safari. Safiri salama, Mwalimu.

Elisante! Miaka yote ile nilikwambia nini? Sayari haikutoka kwenye safari. Imetoka kwenye neno la Kiarabu, sayyara, kitu chenye kwenda, maana watu wa kale waliona nyota nyingi zimetulia mahali pake na hizi chache zinahamahama katikati yake. Safari nayo ni ya Kiarabu, lakini mzizi wake mwingine kabisa. Yanafanana tu, kama wewe na yule kinyozi wa Kaloleni ambaye wanafunzi wako walikuwa wanampa shikamoo wakidhani ni wewe. Na wewe, kila Jumapili nilipokuja kwako, ulikuwa unanijibu nini? "Zinasafiri au hazisafiri?" Halafu unacheka, unanimiminia chai. Kesho yake unaingia darasani kufundisha sayari, unawapotosha watoto wa watu! Juzi nimewasahihisha, binti mmoja akasimama: "Lakini Mwalimu Elisante alisema." Nikaonekana mimi ndiye ninayemsema vibaya marehemu.

Basi nikamweleza mkeo ukweli, kwa ukali kidogo, Mungu anisamehe. Nilidhani atalia. Akacheka.

"Shemeji, alijua. Alishamuuliza shekhe mmoja zamani. Akaniambia, 'Nikimkubalia, Jumapili atakuja kufanya nini?'"

Mjinga wewe. Ningekuja tu. Ningekuja hata kama ni kukaa kimya, tunaangalia Mlima Meru ukijifunika mawingu. Kwa nini hukuniuliza?

Aliyelia ni mimi, mbele ya fundi.

Maneno tumebadilisha. Ni jina lako, na chini yake: Alitufundisha kutazama juu. Hilo halina kosa, nimelikagua mara mbili.

Ubishi nimeshinda, na sijafurahi hata kidogo. Wanafunzi wako nitawafundisha lililo sahihi, upende usipende. Na Jumapili nitakuja kumsalimia shemeji, nimemwahidi, nakuahidi na wewe.

Kwaheri, mbishi wangu. Pumzika, na kwa mara moja tu, usinijibu.