Mazishi Yangu Yaliyochezwa Uani

Miyuji, karibu na stesheni ya Dodoma,
Tarehe 9 Agosti 1912.

Mpendwa mdogo wangu Yoramu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu aliyetulinda hata leo. Hujambo? Mkeo Raheli hajambo? Mtoto ananyonya vema? Na mama, kifua chake kinaendeleaje huko Kilosa kwenye joto? Sisi huku tu wazima, na mimi mwenyewe ni mzima kuliko wote. Tafadhali yasome tena maneno hayo ya mwisho kabla hujaendelea.

Mavuno si haba. Mtama umeingia ghalani, ila upepo wa mwezi huu unatutilia vumbi mpaka kwenye mboga.

Sasa sikia, ndugu yangu. Huenda Swedi, yule mtani wetu Mnyamwezi anayechukua mizigo ya ngozi, amekwisha kufika kwako na habari kwamba nimekufa. Sijafa. Nimechezwa.

Unawajua watoto wa hapa, hucheza kila wanachokiona. Mwezi uliopita walikuwa gari la moshi, na mwanangu Yotham ndiye aliyekuwa mbele akipuliza moshi, wenzake wamemshika shati kwa nyuma mpaka likabaki mikononi mwao. Kisha wakacheza boma la serikali. Huyu akida, yule askari, na mshtakiwa alikuwa mbuzi wetu, akahukumiwa kifungo, nasi tukamtafuta hadi jua linazama. Wiki iliyopita tukamzika jirani yetu Mzee Matonya. Watoto waliangalia kila kitu, nami nikasifu moyoni jinsi walivyotulia. Kumbe walikuwa wakijifunza.

Jumanne nilikuwa narudi kutoka Mtumba, nilikolala siku moja kumtazama ng'ombe wangu niliyemweka kwa rafiki. Kufika nyuma ya tembe letu nikasikia kilio. Nikachungulia. Wamelaza gogo, wamelivika kanzu yangu ya kanisani. Binti yangu Loisi amenyoosha miguu chini, majivu usoni, analia machozi ya kweli kabisa. Nikaziba mdomo nisicheke, nikidhani wanamzika Mzee Matonya mara ya pili.

Akatokea Yotham na kofia yangu kichwani. Yeye alikuwa mtani aliyekuja msibani kumwiga marehemu, kama desturi yetu ilivyo. Akatembea kwa kuvuta mguu, nikaona mguu ule naujua. Akafumba macho, akasema, "Marehemu Bartolomayo alikuwa akiuombea ugali mpaka unakuwa jiwe. Leo amenyamaza. Tuleni ungali moto."

Wote wakaitikia, "Amina."

Loisi akalia, "Mume wangu, nani atanikemea sasa?"

Katoto kamoja ka jirani kakamjibu, "Nyamaza mjane, utaolewa na mwenye ng'ombe wengi."

Nikajitokeza. Nilidhani watakimbia, lakini Yotham alifurahi. "Baba, umekuja vizuri. Lala hapa wewe, gogo hili halifanani."

Ndipo nikaona juu ya kanzu yangu wametandika kipande cha kitambaa cheupe cha amerikani, kipya, hakijafuliwa. Nikauliza kimetoka wapi. Loisi akasema, "Ametoa Swedi. Alipita na mzigo wake, akauliza nani amekufa, nikamwambia baba."

"Kwa nini hukumwambia kwamba mnacheza?"

"Baba, mfiwa hawaambii watu kwamba anacheza."

Nikauliza kama Swedi alitania, maana mtu yule hajapita hapa hata siku moja bila kututukana. Yotham akasema hapana, alivua kofia, akafuta macho, akaiacha sanda, akasema anawahi gari la moshi, na akifika Kilosa atampasha bibi habari.

Yoramu, nilikimbia na vumbi la Mtumba miguuni. Gari lilikuwa limeondoka. Nikamwomba karani wa stesheni awapigieni simu ya waya huko Kilosa. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Waya ni wa shughuli za serikali na za reli. Mtu kuwa mzima si shughuli."

Nikarudi nyumbani nikakuta uwanja umejaa akina mama wa kanisani na unga wao, maana Swedi alipiga hodi kila mlango njiani. Watoto waliwaeleza kwa uaminifu kwamba baba alikuwa amekufa lakini sasa ameinuka, amekwenda stesheni. Wanawake wakazidi kulia, wakisema uchungu umewavuruga watoto akili.

Shemeji yako Zipora walimpokea mtungi alipotoka kisimani, wakamketisha chini. Mke wangu huyu hajanisifu tangu tufunge ndoa, lakini nilimkuta akiwaambia wenzake kwamba nilikuwa mtu mpole asiye na mfano. Aliponiona alichukua ungo akanipiga nao begani, kisha akaushika mkono wangu asiuachie mpaka wageni walipoondoka. Neno lile la upole hajalirudia.

Unga wa msiba haurudi ulikotoka, kwa hiyo ukasongwa, wakala wote. Niliombwa nibariki chakula. Nilibariki kwa maneno machache, na Yotham akanikonyeza.

Loisi sikumchapa. Ningemchapa kwa kosa gani, kulia vizuri?

Kicheko changu kinaishia hapo. Tangu Jumanne namfikiria mama. Amekwisha kuzika watoto wawili, na kifua chake hakitaki mshtuko. Tumaini langu ni kwamba hajawahi kumwamini Swedi. Ni yeye aliyemwambia mwaka jana kwamba nimefanywa akida, mama akamfukuza kwa mwiko. Lakini safari hii Swedi analia kweli, na mama anajua kutofautisha.

Nilitaka kupanda gari lijalo nije mwenyewe, Zipora akanikataza. Anasema mama akiniona nasimama mlangoni ndipo tutazika mtu. Basi barua itangulie, nami nitafuata wiki ijayo pamoja na Loisi. Umketishe mama, Raheli awe karibu naye, usianze na habari za kifo wala za uzima. Mwambie kwanza kwamba namwamkia, mbukwa mama, kisha umwambie nalalamika mguu. Akianza kunigombeza kwamba sijaukanda kwa mafuta kama alivyoniagiza, ujue ameamini. Kama ameshanyoa nywele za msiba, usicheke mbele yake.

Swedi naye mwambie sanda yake ninayo. Amekwisha kunizika, sasa nami namngoja, na kwa utani atakaousikia kwangu aje amejiandaa.

Msalimie Raheli, umbusu mtoto, uwasalimie na wacha Mungu wote mnaosali nao. Mungu wa baba zetu awafunike kwa mkono wake, na habari hii isiwe imemfikia mama kabla ya barua yangu.

Ni mimi kaka yako akupendaye, ningali hai,

Bartolomayo

Loisi ameegemea bega langu na hataki nifunge barua. Anamwamkia bibi yake na anaomba radhi. Tena anauliza, kama bibi alilia, alianza na maneno gani.