Virusi wa mtaroni mguuni mwangu

Jumatano, Mjambere

Leo wamenisafisha kidonda cha mguu na sikutoa hata chozi. Uongo huo. Nililia mpaka muuguzi akafunga mlango.

Nimechoka. Antibiotiki zote zimeshindwa. Bakteria wamezizoea kama mimi nilivyozizoea kelele za mke wangu, Bi Saumu. Wiki mbili sasa daktari anakidondoshea kidonda virusi wanaokula bakteria. Leo nikamuuliza amewatoa wapi. Kwenye maji taka, asema, kisha wakasafishwa.

“Mwanangu, miaka yote nauruka mtaro nguo isiingie najisi, leo waumwaga mguuni?”

“Hawali mtu, babu. Wanakula bakteria wa kidonda tu.”

Bi Saumu, aliyekaa kando ya kitanda, akadakia: “Kama wanakula uchafu, huyu nitarudishiwa kofia tupu.”

Tulicheka sote. Lakini daktari hakunificha: kesho wakifungua bandeji wakaukuta usaha bado upo, mguu utakatwa. Naogopa, wallahi.

Ewe mguu, nimekuosha kwa udhu mara tano kwa siku tangu utotoni. Nilipe hisani moja tu: kesho usinuke.