Pombe ya Posa Kutoka Ilford

Ilford, 4 Februari 2024

Baba mpendwa,
Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Wasiwasi wangu ni goti lako na baridi hiyo ya Marangu. Tangu nikuambie nimeolewa hupokei simu zangu, ndiyo maana naandika. Mume wangu anaitwa Gires, mtu wa Bukavu, anaendesha basi. Kila siku ananiuliza, "Mzee amesema nini?" Nimjibu nini, Baba?
Mwanao, Haika

Marangu, 21 Aprili 2024

Haika,
Marahaba. Goti linauma, mengine salama. Huyo Gires simjui. Hapa kwangu hakuna aliyeleta pombe akaomba binti.
Baba

Ilford, 12 Mei 2024

Baba,
Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Gires naye ameisoma, akasema, "Mimi sina mzee wa kunisindikiza." Wazazi wake walikufa vitani, amelelewa na watu wa kanisa.

Kesho yake alinunua kopo la kimea kilichochemshwa kikawa kizito kama asali. Ndizi za kupikia mbege, pombe yetu ya nyumbani, huku hazipatikani, kwa hiyo anapika bia chungu ya Waingereza, kama alivyofundishwa na dereva mwenzake. Anachemsha kimea na maua machungu yanayoitwa hopsi, kikipoa anatia hamira, kinachachuka ndani ya ndoo. Ya kwanza imegeuka siki. Ameimwaga yote, na chakula hataki.
Haika wako

Marangu, 2 Juni 2024

Haika,
Marahaba. Goti lina nafuu. Kimea hicho ni cha ulezi? Hayo maua bila shaka yanafanya kazi ya msesewe wetu, lile gome chungu la kutia kwenye mbege, lakini asizidishe uchungu. Ndoo aliiosha na nini? Pombe ikigeuka siki watu husema ni mkosi. Si mkosi, ni uchafu. Vyombo avioshe kwa maji ya moto, afunike, aache kufunguafungua.
Na ale.
Baba

Ilford, 18 Agosti 2024

Baba,
Shikamoo, na nashukuru kwa habari ya goti. Kimea ni cha shayiri. Ndoo, mpira wa kuhamishia pombe, chupa, vyote amevisugua mpaka vidole vimechubuka. Safari hii imetulia, ina rangi ya chai ya rangi. Mimi naijua kwa harufu tu, sinywi: nina mimba ya miezi saba, Baba, na daktari amenikataza kupanda ndege. Gires anakuja peke yake Jumamosi, tarehe 31. Chupa amezifunga ndani ya masweta. Jana nilimkuta mbele ya kioo akijifunza kusalimia wazee.
Ukimfukuza, mfukuze taratibu.
Haika wako

Marangu, 1 Septemba 2024

Mwanangu,
Marahaba. Habari ya mimba imenifurahisha. Jitunze, usibebe vizito.

Mumeo amefika. Wazee wa ukoo walikaa upande mmoja, yeye upande wa pili peke yake, chupa miguuni, jasho linamtoka. Kwa desturi mzee wa upande wa mwoaji ndiye anayeanza kusema, naye hakuwa naye. Tukangoja. Nilimtazama kijana yule, nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia baba yako mdogo Eliaichi, "Nenda kakae naye."

Eliaichi akabeba kiti chake, akakiweka kando ya Gires, akamshika bega.

"Tumekuja kuomba binti," akasema. "Mimi ndiye baba wa kijana huyu."

Gires akalia mbele ya watu wote, kisha akanimiminia kwa mikono miwili. Bia yake ni chungu kweli, Haika. Wazee walikunja nyuso.

Mimi niliimaliza.
Baba