Mawaridi ya Kinyozi Yamechipua

Mwaka umekatika, Baba Watoto, tangu ulipotuachia kiti chako cha kunyolea, mikasi yako, na mawaridi mlangoni pa saluni. Wengine huandika kumbukumbu kwa machozi. Mimi naandika hii nikiwa na hasira, na watoto wamekubali ibaki hivyohivyo.

Ulikuwa mpole, hilo halina ubishi. Yule mzee mwenye kipara alikuwa akija, unamfunga kitambaa shingoni, unapitisha mashine hewani, unampangusa, anaondoka ameridhika.

Mawaridi nayo uliyatunza bila kuhangaika. Ndoo moja kwa wiki, asubuhi, pale shinani, hata joto likichoma. Majani makavu uliyatandaza chini ili udongo usikauke. Samadi kidogo mvua zikikaribia. Ua likinyauka, ulilikata ukipita zako kwenda dukani. Na mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, ulitoka na mkasi mkubwa ukayapunguza hadi usawa wa magoti.

"Kukata si kuua," uliwaambia wapita njia. "Mbona nywele zinakatwa na mtu haugui?"

Ulipoondoka tu, kila mtu akawa bwana shamba. Wifi yangu, dada yako, akayamwagilia asubuhi na jioni, huku analia. Majirani wakaleta dawa za kupulizia. Majani yakageuka njano, yakapukutika. Nikisema, naambiwa, "Mwache, ana uchungu." Na mimi je, nilikuwa harusini? Kuyakata ndiyo kabisa hawakutaka kusikia, eti wewe ndiye uliyeyagusa mwisho. Yakawa kichaka cha miba kinachorarua mashati ya wateja.

Lakini wa kulaumiwa kwanza ni wewe. Kifua chako nacho ulikitunza vilevile. Nikikwambia twende hospitali, unajibu, "Kiache, kitapoa chenyewe." Nikabembeleza, nikanuna, nikamtuma kifungua mimba wetu akuombe. Ukacheka, ukampa mkasi akaunoe. Sikio la kufa halisikii dawa. Nimelisema neno hilo maisha yangu yote, sikujua kwamba sikio lenyewe ninalala nalo chumba kimoja.

Mwezi uliopita, mvua zilipokaribia, nilichukua mkasi wako nikaanza kukata. Wifi akasimama mbele yangu.

"Unamuua mara ya pili," akasema.

"Wifi, weka ndoo chini ukae."

Nikakata yote, hadi magotini. Tangu siku hiyo hatukusemeshana.

Leo asubuhi ndiye aliyekuja kuniita, mikono mitupu. Kila nilipokata pametoka machipukizi mekundu. Tulisimama pale mlangoni, yeye analia, mimi nimekasirika upya. Maana yote uliyotuambia kuhusu mawaridi yalikuwa kweli. Ya kifua chako ulitudanganya.

Unakumbukwa na mkeo, niliyeandika haya. Na wanao, ambao sasa wakikohoa tu nawapeleka hospitali, wapende wasipende. Na dada yako, aliyekubali ndoo moja kwa wiki. Na yule mzee mwenye kipara, ambaye bado anakuja kukaa kwenye kiti chako, na hatujui tumfanyie nini.

Hatutakusahau hata siku moja. Kukusamehe, tutaona.